Laini Moja kwa Simu Mbili

Siku ile jikoni kwangu tulikuwa watu sita. Mimi, mwenye jiko. Mume wangu, kwenye kigoda chake karibu na mlango, mahali ambapo moshi haumfikii. Dada yake, wifi yangu mkubwa. Kwetu hakuna jambo lililoamuliwa bila yeye kuvuka korongo kuja kulisikiliza. Mwanangu wa kwanza, dereva wa watalii. Mke wake, ambaye alikuwa anauza vitunguu soko la Karatu. Wa sita hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mwenye duka la simu pale mjini, mtu wa Kilimanjaro, kijana mcheshi mwenye kitambi cha mapema. Mwanangu alimleta na gari ili awepo wa kutueleza mambo ya simu.

Mwenye jambo lenyewe hakuwepo. Binti yangu wa mwisho alikuwa Engaresero, kule chini Ziwa Natron, anapika kwenye kambi ya watalii.

Majina yao ninayo yote kichwani, la ubatizo na la nyumbani, na la utani kwa waliokuwa nalo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki. Hapa siyaandiki. Walio hai wana wakwe na wajukuu, na waliolala nimewaacha walale. Anayetujua atatujua.

Juu ya meza ndogo, kati ya vikombe vya chai, kulikuwa na simu mbili. Moja ni kitochi chetu, simu ya vibonye yenye tochi kichwani, tuliyoitumia nyumba nzima. Nyingine ilikuwa bapa na nyeusi, haina kibonye hata kimoja mbele isipokuwa kimoja cha duara chini. Mtalii aliyeshuka nayo Kreta kutazama wanyama alimpa mwanangu siku ya kuagana. Ilikuwa imefungwa kwa mitandao ya kwao, mwenye duka ndiye aliyeifungua. Hiyo ni kuelekea mwisho wa miaka ya elfu mbili, umeme ukiwa haujafika kijijini kwetu Buger. Simu ya kupangusa tulikuwa hatujaigusa.

Laini ilikuwa moja. Swali letu lilikuwa hilo: laini ikae simu ipi?

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili huwezi kuelewa kwa nini nilibisha.

Shamba letu liko ukingoni mwa msitu. Mahindi yakikaribia kukomaa, tembo na nguruwe pori wanashuka, na sisi tunawafukuza kwa kupiga madebe. Watoto wangu wamekulia kwenye sauti ya debe kuliko sauti ya kengele ya kanisa. Na mimi debe nililifanya la kuwaitia pia. Nikipiga moja, waliokuwa machungani wanajua chakula kiko tayari. Nikipiga mbili za haraka, nikanyamaza kidogo, nikapiga moja, hiyo ni: acha unachofanya, njoo, kuna shida. Mbili na moja. Hakuna mtoto wangu aliyewahi kuisikia hiyo akatembea. Walikuwa wanakimbia.

Binti yangu alipokwenda Engaresero alikwenda na hiyo. Hakuwa na simu yake, na kambini hakukuwa na mtandao. Ilibidi apande kilima nyuma ya kambi, aombe simu ya mtu, leo ya mlinzi, kesho ya dereva aliyepita, na vocha ya mtu huwezi kuimaliza kwa kuongea na mama yako. Kwa hiyo alikuwa anabipu. Kitochi kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari kwenye nguzo ya ghala, mahali pekee penye mtandao nyumbani kwetu, nami nikiwa najua kila kinavyolia. Kikilia mara moja kikakatika, ni yeye, mzima, anatusalimu. Niliendelea na kazi zangu nikiwa nimeshiba. Kikilia mbili na moja, nampigia kwa namba hiyohiyo iliyolia. Ililia hivyo mara moja tu, alipoungua mkono kwa mafuta, tukaongea, akalia kidogo, yakaisha.

Mara ya mwisho kusikia sauti yake ilikuwa wiki chache kabla ya kikao. Alikuwa amebahatika kupata simu ya dereva mkarimu. Akaniambia, "Ayo," hivyo ndivyo tunavyoita mama kwetu, "msimu ukiisha nakuja nyumbani. Nina neno la kukwambia, siyo la simu."

"Neno zuri au baya?"

"Ni zito tu, mama. Utaliona mwenyewe."

Mzazi haambiwi mara mbili. Nilihesabu miezi kichwani. Sikumwambia baba yake.

Basi, kikaoni mwenye duka aliinywa chai yake, akasifu maziwa, kisha akazishika simu zote mbili, moja kila mkono, kama mtu anayelinganisha majogoo.

"Mama, nikueleze kwa lugha ya mifugo. Kila simu ina mfumo wake, ndiyo akili yake, na akili ya hii haisomi ya ile. Hii ya kwako ni ng'ombe wa kienyeji. Anakula majani ya njiani, wiki nzima hana habari na wewe. Hii ya mzungu ni ng'ombe wa kisasa. Maziwa ndoo kwa ndoo, lakini ukimnyima pumba siku moja tu, analala chini haamki."

"Na pumba yake ni nini?" akauliza mume wangu.

"Umeme, mzee. Kila siku."

"Umeme uko Karatu."

"Uko Karatu, ndiyo."

Wifi yangu akacheka na meno yake mawili. "Kwa hiyo ng'ombe tumfuge Karatu, maziwa tunywe Buger? Nyie watu wa Kilimanjaro kwa biashara hamjambo!"

"Shangazi, mimi hii siiuzi. Nimekuja kutoa ushahidi tu na kunywa chai."

Tulicheka. Nakikumbuka sana kile kicheko, maana jikoni mle hatukucheka tena hivyo.

Mwanangu hakucheka. Alikuwa ameachishwa na kampuni aliyoifanyia kazi, anaendesha kama kibarua, anaitwa gari zikizidi madereva. Watoto wake walikuwa wanasoma. Akasema, "Baba, siku hizi ofisi za Arusha hazipigi simu. Zinatuma imeili kwa madereva kumi, anayejibu kwanza ndiye anayepata safari. Mimi mpaka nifike Karatu kwenye duka la kompyuta, safari imeshaondoka. Sasa Mungu ameniletea simu inayopokea imeili mfukoni. Niiache kwa sababu gani?"

"Usiiache," nikasema. "Itumie. Nunua laini nyingine uweke humo. Hii ya zamani ibaki kwenye kitochi."

"Mama, namba ya zamani ndiyo iko kwenye kadi zangu. Ofisi zote wanayo hiyo. Wakituma imeili, wanapiga na simu kuhakikisha."

"Na mdogo wako naye anayo hiyo. Kichwani. Hana nyingine."

"Akipiga nitampa mpya."

"Hapigi. Anabipu."

"Akibipu nitampigia."

"Utajuaje kama ni yeye? Anaomba simu ya yeyote anayemkuta."

"Namba yoyote nisiyoijua nitaipigia. Basi, mama? Umeridhika?"

Mkwe wangu, ambaye huwa hasemi mbele ya wakwe zake, akasema akitazama chini, "Mama, hata mimi sokoni sasa wanunuzi wananiuliza namba. Tukitumia mfumo mmoja sisi wa mjini, na nyinyi wa huku mkabaki na wenu, kila mtu atafanya kazi yake vizuri. Wifi yangu kule kambini hatapotea kwa sababu ya laini."

Nimeyakumbuka maneno hayo miaka yote. Simlaumu. Alisema kitu ambacho kila mtu pale alikiona ni kweli.

Nikageukia mwenye duka. "Hiyo nyeusi inalia?"

"Inalia, mama. Hata wimbo inaimba."

"Na huyu akiwa na wazungu?"

"Akiwa na wageni," akajibu mwanangu kabla yake, "naweka sailensi. Siwezi kukatisha simba kwa simu ya nyumbani."

Mume wangu alikohoa, na alipokohoa hivyo tulijua neno limeiva. "Kazi kwanza," akasema. "Mtoto wa kike yuko kwa watu, anakula, analipwa. Huyu ana nyumba inayomtegemea. Namba iende kwake. Mama apewe laini mpya, na ujumbe upelekwe Engaresero." Wifi yangu akaitikia. Ikawa imepita.

Mwenye duka alifungua kitochi kwa kucha, akaitoa laini, akaiingiza kwenye ile bapa. Akatafuta majina, hakuyaona. "Aa, majina mlikuwa mmeyahifadhi kwenye simu, siyo kwenye laini. Yamebaki huku kwenye kitochi. Huku ni tupu." Mwanangu akasema wenye shida watajitambulisha wenyewe. Kitochi nacho kikawekwa laini mpya, nikakirudisha kwenye msumari wake.

Ujumbe ulipelekwa, nisiseme haukupelekwa. Mwanangu alimpa dereva mwenzake namba mpya na maneno ya mdomo. Lakini masika yalikuwa yameanza, na njia ya kushuka kule hukatwa na makorongo. Dereva alifika Engaruka, katikati ya njia, akakuta maji yanavuta mawe, akageuza. Akamwambia mwanangu, mwanangu akasema atatafuta mwingine. Wageni walikuwa wachache masika yale. Mwingine hakupatikana.

Mimi nilikaa na kitochi. Huwezi kuamini jinsi simu inavyoweza kunyamaza. Aliyekuwa ananitumia ujumbe ni mtandao wenyewe, unanitakia kila la heri nijiunge na kitu. Nilipalilia nikiwa nimeelekeza sikio ghalani. Mume wangu akanitania, "Utapata shingo ya twiga." Kila gari la Karatu lililopita nilimwagiza utingo amwambie mwanangu: umesikia lolote? Jibu lilikuja lilelile, bado, mama asiwe na wasiwasi.

Masika yalipopungua akaja mwenyewe. Alikuwa amepata safari mbili kwa ile imeili, akaniletea sukari na kitenge. Nilifurahi kwa ajili yake, ni mwanangu. Nikamwuliza tena.

"Hajapiga, mama. Wanaonibipu ni madalali. Mwanzoni nilikuwa nawapigia wote, kama nilivyokuahidi. Huyu anauza tairi, huyu kakosea namba, huyu anataka lifti. Vocha ikaisha. Nikaacha kuwapigia nisiowajua."

"Wanalia namna gani?"

"Nani?"

"Hao madalali. Wanapobipu, inalia namna gani?"

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Mama, nilikuwa nimeweka sailensi. Nikiwa Kreta hata mtandao hakuna. Jioni nafungua, naona tu namba."

"Nionyeshe."

Simu ilikuwa imezima. Haikuwa na chaji, kama kawaida yake inapofika Buger. Ikabidi tupande gari tushuke Karatu, mimi na nguo zangu za shamba, hadi dukani kwa yule mtu wa Kilimanjaro. Aliniona uso wangu, hakufanya utani. Akaichomeka kwenye umeme, tukasubiri iamke, akaanza kupangusa.

"Hizi hapa, mama. Simu zisizopokelewa."

Namba nyingi, mistari mistari, nyekundu. Nikamwuliza, hiyo inaandika ilivyolia? Akasema haiandiki ilivyolia, inaandika namba na mara ngapi. Nikamwambia anitafutie iliyolia mara tatu. Akashusha kidole taratibu. Akasimama. Akagusa, ukatokea ukurasa mwingine wenye saa.

"Hii moja hapa. Mbili zimefuatana, dakika ileile. Ya tatu baada ya hapo kidogo."

Mwanangu aliinama kutazama. Hakuna aliyemweleza kitu. Yeye mwenyewe ni mtoto wa lile debe.

Mwenye duka akaendelea kushuka, kwa sauti ndogo sasa, kama anayesoma misa. Siku nyingine, namba nyingine, mbili na moja. Siku nyingine tena. Zilikuwa za watu mbalimbali. Kumbe alikuwa anaomba kila anayepita. Kisha hapakuwa na nyingine. Baada ya hapo ni madalali kweli.

Mwanangu alipiga ile ya siku ya mwisho. Alipokea mlinzi wa kambi, Mmasai, kwa Kiswahili cha kukatakata lakini cha adabu. Mwenye duka aliiweka sauti ya juu nami nikasikia.

"Yule dada wa jiko? Ndiyo. Alikuwa anapanda na mimi huko mlimani. Kambi ilifungwa, wageni hakuna. Yeye tumbo kubwa, miguu imevimba. Alisema kwao watakuja kumchukua, yeye amewaita."

"Yuko wapi sasa?" mwanangu akauliza.

"Ameondoka zamani kidogo. Nilimwambia piga, ongea, vocha si kitu. Alikataa. Alisema hapana, wakisikia hii watakuja, hii hawawezi kuacha. Halafu siku ya mwisho alisema basi, wamesikia, hawataki."

Hayo ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu. Wamesikia, hawataki. Alifikiri kitochi kiko kwenye msumari wake na mimi nimekaa chini yake nikihesabu, nikaamua kutoinuka.

Tulikwenda. Mwanangu aliazima gari, tukashuka kwa njia ya Mto wa Mbu. Kambi ilikuwa turubai zilizofungwa na jiko la mawe limejaa majivu yaliyolowana. Kwenye msumari wa jiko kulikuwa na kilemba chake cha bluu. Nilikivua nikakifunga kiunoni. Mlinzi alitupeleka hadi kile kilima. Nilipanda, magoti yangu yalikuwa bado yanafaa. Juu pana jiwe moja bapa, akasema alikuwa anaketi hapo akisubiri simu imrudie. Nikakaa hapo. Ziwa lilikuwa jeupe huko chini.

Lori lililopeleka mahindi lilikuwa limempakia kupanda ukuta wa bonde kuelekea Malambo, ndivyo walivyosema. Malambo mama mmoja wa duka alisema ndiyo, alimwona, alimpa maji. Mwingine akasema huyo alikuwa Msonjo, siyo Mmbulu kama sisi, na alikuwa na mume. Tuliuliza kwenye zahanati, tukauliza kwa padri. Tuliuliza kwenye maboma, mwanangu akiuliza na mimi nikiwa natazama wanawake usoni. Hata aliyezaliwa, kama alizaliwa, hakuna aliyejua habari zake. Tulirudi mara nyingine kiangazi, na mara nyingine. Baadaye mwanangu akawa anakwenda peke yake, akirudi haingii ndani, ananawa mikono nje, ananitazama, anatikisa kichwa, basi.

Tuliporudi ile safari ya kwanza aliitoa laini kwenye simu bapa, akairudisha kwenye kitochi. Hakuna kikao kilichokaa. Simu bapa aliiuza. Kazi za imeili zikaenda kwa wengine, akaishia kuendesha lori la kokoto. Mume wangu hakuwahi kulitaja lile neno lake, kazi kwanza. Alizoea kwenda kukaa ghalani chini ya msumari, anasema anakwepa moshi. Alikufa akiwa na mazoea hayo. Wifi yangu akamfuata. Mkwe wangu kila Krismasi ananinunulia vocha, ananipa bila kunitazama.

Kitochi kililia sana miaka ile ya mwanzo. Ofisi za Arusha zilimtafuta dereva, na watu wa tairi walipiga. Nilipokea zote. Kilipolia mara moja na kukatika, nilipiga, nikakuta mtu wa Mbulu anamtafuta shemeji yake. Mbili na moja hakijalia.

Siku hizi umeme upo. Wajukuu wakija likizo wana simu za kupangusa tupu, na wanabishana mezani kwangu, mfumo huu unashinda ule, huu wa kazi, huu wa matajiri, ule wa maskini. Wananiuliza, "Bibi, tukuletee ipi?" Nawauliza inalia? Wanacheka. Betri ya kitochi imevimba mara nyingi, na kwa kila betri mwenye duka, ambaye sasa ana mvi, hupekua maboksi yake ya zamani. Juzi aliniambia, "Mama, hizi hazitengenezwi tena. Hii ni ya mwisho." Aliniambia kwa upole, na mimi nilimshukuru. Namba nayo itakufa na kitochi, maana hakuna anayetaka laini ya kizee, na mimi mwenyewe sina muda mrefu wa kukaa ghalani.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Majina sikosei, lakini mengine yawezekana nimeyapindua. Labda siyo wifi aliyecheka kwanza. Labda chai ilikuwa ya rangi. Aliyekuwepo anisahihishe, nimebaki mimi na mwanangu na mkwe wangu na yule wa duka, na wao hawapendi kuzungumzia. Na kama uko Malambo, au popote lile lori lilipofika, na unajua kwamba nikidhani amepotea nimekosea, kwamba alijifungua, kwamba yuko mtoto aliyefundishwa kupiga debe mbili na moja, nakuomba unisahihishe hapo. Sitaona aibu kukosea hapo.